Maswali ya Wasomaji: Chambo cha Usiku na Mdomo wa Samaki

SWALI: Mzee mwenzangu, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Uyole, Mbeya. Mpwa wangu anayeishi Uingereza aliniletea kifurushi cha vifaa vya kuvulia samaki wa kule anayeitwa karpi. Kina ndoana ndogo namba 8 zilizofungwa tayari, kila moja ikiwa na kauzi kafupi kanakoning'inia nyuma yake, machubwi (vizito vya kuzamishia mshipi) ya gramu 80, na mfuko wa vidonge vigumu vya mviringo vyenye harufu ya nanasi. Nimekesha usiku mara tatu mwezi wa sita katika lambo la kijiji nikitafuta kambare, wala sikupata hata mmoja, ilhali kijana wa jirani mwenye ufito wa mwanzi na nyungunyungu alipata wawili usiku ule wa tatu, tena mbele ya macho yangu. Je, vifaa hivi ni vibovu, au kosa ni langu?

JIBU: Mwalimu, salaam zimefika. Vifaa si vibovu, na kosa si lako peke yako. Mpwa wako alikuletea ufunguo wa nyumba nyingine. Ndoana ile ilifungwa kwa ajili ya mdomo wa karpi, na mdomo wa karpi haufanani na mdomo wa kambare. Naomba nianze na karpi, maana ukielewa kile kauzi kimewekwa kwa nini, utaelewa pia kwa nini hakikukusaidia.

Karpi, ambaye kwa jina la kitaalamu ni *Cyprinus carpio*, ni ndugu wa mbali wa mpasa na usipa wa Ziwa Nyasa. Hana meno mdomoni hata kidogo. Meno yake yako kooni, na huko ndiko anakosaga konokono na nafaka. Hana pia tumbo la chakula kama letu, bali utumbo mrefu tu, na kwa sababu hiyo hula kidogo kidogo muda wote. Namna yake ya kula ni kufyonza: hushusha mdomo wake kwenye tope, huvuta chakula pamoja na mchanga na uchafu, huonja, kisha hutema kila kisicholika. Kitendo hicho hukifanya kwa muda mfupi kuliko wa kufumba na kufumbua. Ukificha ndoana ndani ya chambo kama tulivyozoea, karpi mzee aliyekwisha kuvuliwa mara moja au mbili huuhisi ule uzito na ugumu, naye huutema kabla hujajua kwamba ulitembelewa.

Waingereza wawili, Kevin Maddocks na Lenny Middleton, walipata dawa ya jambo hilo kuelekea mwaka 1980. Badala ya kuchoma chambo kwenye ndoana, walikining'iniza nje yake kwa uzi mwembamba, na uzi huo wakauita unywele. Karpi hufyonza chambo kilicho huru, ndoana tupu humfuata nyuma, na anapojaribu kutema, ncha ya ndoana hushika mdomo wa chini. Hapo ndipo kazi ya chubwi la gramu 80 inapoanza. Chubwi hilo halitelezi kwenye mshipi, bali hukaa karibu mahali pamoja; samaki akishtuka na kukimbia, huuvuta uzito wote kwa ghafla, na kwa kufanya hivyo hujichoma mwenyewe. Mvuvi anaweza kuwa amelala ndani ya hema.

Sasa mgeukie kambare. Huyu ana kinywa kipana, kichwa cha mfupa mtupu, na vimeno vidogo vingi vilivyopangika kama msasa kwenye taya zote mbili. Ana sharubu nane, mara mbili ya zile za karpi, na usiku anatembea nazo kama kipofu na fimbo yake, akigusa na kuonja kila kitu. Akishakubali kitu kuwa ni chakula, hana haja ya majaribio: anakibugia. Kwa hiyo ujanja wa unywele, ambao umetengenezwa kumshinda samaki anayetema, hauna kazi kubwa kwa samaki anayemeza. Ndoana namba 8 nayo ni ndogo mno kwa kinywa hicho, na mara nyingi hutelezea kwenye mfupa badala ya kushika. Kumbuka kwamba hesabu ya ndoana huenda kinyume: namba 8 ni ndogo kuliko namba 2, na baada ya namba 1 huanza zile zinazoandikwa 1/0, 2/0 na kuendelea, ambazo huwa kubwa kadiri tarakimu inavyopanda. Kwa kambare wa lambo, wa kilo moja hadi tatu, mimi hutumia namba 1 au 1/0 yenye shina refu kidogo, ili niweze kuitoa bila kuingiza vidole vyangu kwenye ule msasa.

Chubwi nalo liwe la namna nyingine. Kambare akihisi kizuizi mapema huachia, kwa hiyo pitisha mshipi katikati ya chubwi jepesi la gramu 20 au 30, ili liteleze, na uweke fundo au shanga umbali wa shibiri mbili juu ya ndoana kulizuia lisifike kwenye chambo. Samaki ataondoka na chambo, mshipi utapita ndani ya chubwi, na wewe utauona ukijongea kabla yeye hajaona chochote. Mwache aende hatua moja au mbili, kisha vuta kwa nguvu. Kijana wa jirani yako, bila kusoma haya popote, alikuwa na mshipi usio na chubwi zito, naye alipata faida ile ile.

Kuhusu vile vidonge, sisemi kwamba kambare hawezi kuvila, kwani ni samaki asiyechagua sana. Hata hivyo, vidonge hivyo ni donge la unga, mayai na viungo lililochemshwa dakika moja au mbili mpaka likajitengenezea ngozi ngumu, na ngozi hiyo iliwekwa makusudi ili samaki wadogo wasiweze kuvidonoa usiku kucha. Vikikaa miezi kadhaa kabatini hukauka kama gololi na kuachia harufu kidogo sana majini. Nanasi, zaidi ya hayo, ni harufu ya kumvutia samaki mla nafaka; kambare humtafuti kwa matunda, unamtafuta kwa damu, mafuta na kitu kilichoanza kuchacha.

Jambo la mwisho, ambalo huenda ndilo lililokugharimu zaidi, ni huo mwezi wa sita wenyewe. Uyole iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba maji ya lambo hupoa sana. Karpi bado hula maji yakiwa na nyuzi joto 10. Kambare ni samaki wa maji ya vuguvugu, na yakishuka chini ya nyuzi 18 hivi hupunguza kula na kulala kwenye tope. Katika majira hayo usikeshe. Vua kuanzia jua linapozama mpaka saa tatu usiku, wakati maji ya pembeni, yale yasiyozidi kimo cha magoti, bado yana joto la mchana, na utupe ndoana yako hapo pembeni, karibu na majani, si katikati ya lambo ambako chubwi la gramu 80 lilikuwa likikupeleka. Mvua za kwanza zikianguka mwezi wa kumi na moja na maji mapya yakaanza kuingia, kaa kwenye mlango wa maji hayo, maana kambare huyafuata kwenda kutaga.

Ndoana za mpwa wako usizitupe. Ondoa kile kauzi na uzitumie kwa perege, mchana.

SWALI: Mimi ni mama wa Mafinga, na wanangu huvua kambare kwenye mabwawa ya shamba letu usiku kwa maini ya ng'ombe. Maini hayo huanguka majini kila wanaporusha ndoana, na ninaona ninalisha samaki kwa fedha zangu. Jirani ametushauri tutumie sabuni ya mche. Je, ni kweli inafaa?

JIBU: Ni kweli, mama, na wala si mzaha. Wavuvi wa maziwa yetu makubwa wamekuwa wakitundika vipande vya sabuni kwenye mishipi mirefu, kwa sababu sabuni hutengenezwa kwa mafuta, na mafuta hayo huyeyuka polepole na kuacha njia ya harufu ambayo kambare huifuata kwa sharubu zake. Kata kipande cha ukubwa wa kifundo cha kidole gumba, ukikate kwenye mche wa kawaida usiotiwa manukato. Ila nakwambia ukweli: sabuni ni chambo cha mvuvi mwenye ndoana mia ambaye hana nafasi ya kuchimba nyungunyungu kwa kila moja. Kwa vijana wawili wenye ndoana moja moja kwenye bwawa la shamba, ambalo maji yake hutumika kwa mifugo na bustani, nisingeichagua.

Maini yana dawa. Yakate vipande vinavyotosha kuingia kwenye kisanduku cha kiberiti, uyanyunyizie chumvi nyingi, uyaanike kivulini tangu asubuhi hadi jioni juu ya gunia au wavu. Chumvi huvuta maji, nyama hukaza na kupata ngozi, lakini damu ya ndani hubaki na harufu yake. Usiku wanapofunga, wachome ndoana mara mbili kupitia kipande hicho, kisha wazungushe uzi mwembamba wa cherehani mara sita au saba kuzunguka chambo na shina la ndoana. Hauhitaji hata fundo, unashikwa na unyevu. Wakirusha hakitaanguka, na wakirudi nyumbani na chambo kizima watajua kwamba samaki hawakuwepo, jambo ambalo nalo ni habari.

Utumbo wa kuku ni mzuri kuliko maini, kwa maoni yangu, kwa sababu ni mgumu kwa asili yake na hupatikana bure siku ya kuchinja. Nyungunyungu wa chini ya migomba na wa nyuma ya zizi huwapita wote wawili, ila mtu asitundike mmoja kwa aibu: tundika wanne au watano kwa pamoja, mikia yao ikicheza, mpaka ndoana isionekane, isipokuwa ncha. Ncha hiyo iachwe wazi sikuzote. Kumbikumbi wanafaa sana majuma yale ya mvua za kwanza, endapo watoto hawajawamaliza kwa kikaango.

Nami niongeze tahadhari ya ndoana zenyewe. Niliwahi kununua pakiti nzima dukani kwa bei ya kutupa, nikashika kambare mkubwa katika Ruaha Mdogo, na nilipovuta mshipi ulirudi na kitu kilichonyooka kama msumari. Tangu siku hiyo huifunga ndoana mpya kwenye mti na kuivuta kabla sijaiamini, na ncha yake naijaribu juu ya ukucha: ikiteleza bila kukwaruza, nainoa au naiacha.

SWALI: Kwa nini perege hawali chambo usiku? Nimejaribu ugali na nyungunyungu huku Tukuyu bila mafanikio.

JIBU: Perege hutafuta chakula kwa macho zaidi kuliko kwa pua, na hana sharubu za kumwongoza gizani. Vilevile, mimea na vijani vya majini ambavyo mchana hutoa oksijeni, usiku huitumia, kwa hiyo hewa hupungua majini mpaka kukaribia alfajiri. Kambare hastuki, kwani ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu. Perege hutulia tu na kusubiri. Mvue saa tatu asubuhi, ndoana namba 10, punje moja ya ugali uliokandwa mgumu.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Iringa ninayesoma Uingereza. Wenzangu wamenialika kwenda kuvua karpi usiku kwenye ziwa dogo la kulipia, na nimeona bei za vidonge vyao nikakata tamaa. Naweza kutumia ugali na mahindi? Nami nifunge vipi ndoana?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tumia, wala usione haya. Mwezi wa Septemba 1952, katika bwawa la Redmire, Mwingereza Richard Walker alimvua karpi wa ratili 44, yaani kilo 20 hivi, ambaye alikuwa rekodi ya nchi yao kwa miaka mingi, na chambo chake kilikuwa mkate. Afrika Kusini nako, ambako karpi huvuliwa sana, chambo kinachoheshimika ni ugali wa mahindi uliokandwa na kutiwa harufu, pamoja na mahindi yenyewe. Wewe umetoka kwa watu waliolelewa na ugali. Hakuna atakayekufundisha kuusonga.

Mahindi makavu, hata hivyo, usiyatupe majini mabichi. Punje kavu huvimba ikipata maji, na isivimbe ndani ya utumbo wa samaki. Yaloweke saa 24, kisha uyachemshe nusu saa au zaidi, mpaka punje ibonyee kwa kidole bila kupasuka. Yaache ndani ya maji yake siku mbili au tatu yaanze kuchacha. Yatatoa utando na harufu tamu yenye ukali ambayo kila mtu wa Iringa aliyepita karibu na chungu cha pombe ya komoni anaijua. Harufu hiyo karpi anaipenda mno. Nyumbani ningekwambia uchanganye na machicha ya pombe na mashudu ya alizeti ili upate chambo cha kutandaza chini. Huko, mkate uliosagwa utatosha. Tandaza konzi mbili au tatu tu mahali unapotupia ndoana. Wageni wa uvuvi huu hukosea kwa kumwaga ndoo nzima: samaki hushiba, na kati ya punje elfu mbili yako moja haitafutwi na mtu.

Kwenye ndoana, punje mbili za mahindi hukaa vizuri juu ya unywele, na ugali hautakaa hapo, kwa hiyo ugali ukande kulizunguka chubwi nao uyeyuke taratibu karibu na mahindi. Kufunga ni hivi. Chukua uzi laini wa kusuka wa sentimita 30. Tengeneza kitanzi kidogo mwishoni, ukipenyeze ndani ya punje kwa sindano, kisha uchomeke kijiti kidogo ndani ya kitanzi hicho ili kizuie punje zisichomoke. Pitisha upande mwingine katika tundu la ndoana ukitokea nyuma, panga unywele ulale juu ya mgongo wa shina, na chambo kining'inie chini ya pindo la ndoana kwa nafasi ya nusu sentimita hadi sentimita moja. Shikilia hapo, zungusha uzi mrefu kwenye shina na unywele mara saba au nane ukishuka, kisha urudishe ndani ya tundu kwa nyuma kama ulivyoingia, na ukaze baada ya kuulowesha kwa mate. Hakuna fundo hata moja, ila haufunguki. Ubaki na uzi wa sentimita 15 hadi 20 kati ya ndoana na chubwi. Ukivuta ndoana juu ya kiganja chako taratibu, ncha inapaswa kujigeuza na kutafuta ngozi. Isipojigeuza, unywele ni mfupi, ufunge upya. Ndoana namba 6 au 8, mshipi unaobeba kilo 6 hivi, na chubwi lifungwe kwa namna ambayo litachomoka lenyewe mshipi ukikatika, ili samaki asitembee na mzigo huo mpaka afe.

Hilo la mwisho huko ni adabu kubwa. Karpi wa maziwa ya kulipia haliwi; hupimwa, hupigwa picha juu ya godoro lililoloweshwa maji, kisha hurudishwa. Najua bibi yako angeshangaa. Ujipatie pia leseni ya fimbo ya kuvulia kabla ya kwenda, maana England kila aliyefikisha miaka 13 anatakiwa kuwa nayo, mbali na malipo ya ziwa lenyewe.

SWALI: Tunaishi Migoli, karibu na bwawa la Mtera. Kambare wa hapa ni wakubwa na hukata mshipi wetu usiku. Tutumie mshipi gani, na chambo gani?

JIBU: Mtera haifanani na Uyole kwa lolote. Iko chini ya mita 700, maji yake ni ya joto karibu mwaka mzima, na kambare hula hata mwezi wa saba. Chukueni mshipi unaobeba kilo 20, ndoana 4/0 au 5/0, na kipande cha mwisho cha shibiri tatu kiwe cha nailoni nene zaidi, kwa sababu kinachokata si jino bali ni ule msasa wa taya unaosugua mshipi mwembamba wakati mnavutana. Kila baada ya samaki mmoja pitisheni vidole kwenye kipande hicho, na mkihisi ukwaruzo, kateni mfunge upya. Chambo kizuri hapo ni perege mdogo aliyekatwa nusu, kichwa kikiwa upande wa ndoana, au utumbo wa samaki mliowapata mchana. Hakikisheni tu mna leseni ya uvuvi, ambayo afisa uvuvi wa wilaya atawaeleza.

Lakini chambo hicho hicho cha damu kina mteja mwingine. Bwawa lina mamba na viboko, na mamba hufuata harufu kama kambare anavyoifuata. Msioshe samaki wala kumwaga utumbo pale mnapovulia. Kaeni hatua kumi kutoka ukingo, mahali palipo wazi na pasipo na njia ya kiboko kupandia malishoni, fimbo zikiwa zimesimamishwa kwenye panda ya mti na kikopo cha bati chenye kokoto kikiwa kimefungwa kwenye mshipi ili kiwaamshe. Samaki akishikwa na kuzama kwenye majani ya pembeni, mtu asiingie majini kumtoa. Kateni mshipi.